Shamba Liitwalo Angola: Kisa cha Anthony na Mary Johnson

Mwaka 1677, katika kaunti ya Somerset, Maryland, mtu mmoja aitwaye John Johnson alinunua shamba la ekari 44. Kwa walowezi wa tumbaku wa siku hizo lilikuwa shamba dogo. Maryland ilikuwa na desturi ya kila shamba kupewa jina, na jina hilo liliingia katika hati pamoja na mipaka. Waingereza wengi waliyaita mashamba yao kwa majina ya miji na vijiji walivyoviacha ng'ambo. Johnson aliliandikisha lake kwa jina la Angola.

Yeye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Amerika. Baba yake, ambaye naye aliitwa John, alizaliwa hukohuko. Waliovuka bahari ni babu na bibi, na babu alikwisha kufa miaka kadhaa kabla ya shamba lile kununuliwa. Swali la uchambuzi huu ni hili: je, tunaweza kuanza na jina la shamba na kurudi nyuma, waraka kwa waraka, mpaka tuwafikie waliolileta?

Inawezekana, na kwa familia ya Kiafrika ya karne ya 17 katika makoloni ya Kiingereza hilo ni jambo la nadra mno. Wengi wao waliingia vitabuni kama hesabu tu: watu kadhaa, wanaume wangapi, wanawake wangapi. Babu wa ukoo huu, Anthony Johnson, anaonekana katika orodha za wakazi, hati za ardhi na daftari za mahakama kwa karibu nusu karne. Lakini hakuna hata karatasi moja iliyoandikwa ili kutusimulia maisha yake. Kila moja iliandikwa na karani kwa haja ya serikali au ya mdai: kuhesabu watu, kutoza kodi, kugawa ardhi, kuamua kesi. Anayezisoma hana budi kuuliza kwanza karani alitaka nini, ndipo aulize mzee alikuwa mtu gani.

Sisi wa Afrika Mashariki hilo tunalielewa upesi. Ukimtafuta babu wa mwanzo wa karne ya 20 kwenye karatasi za kikoloni, mara nyingi utamkuta kwenye kodi ya kibanda, na pengine usimkute kwingine kokote. Serikali ilimjua kwa kile alichodaiwa.

Kuanzia kwa mjukuu

Kanuni ya kufuatilia nasaba ni kuanza na unachokijua na kurudi nyuma. Wanaovunja kanuni hii huanza na mtu mashuhuri wa zamani, kisha wakateremka wakitafuta njia ya kujiunga naye, na kwa kuwa majina ya Anthony, John na Richard yalijaa kila kaunti, njia hawaikosi. Kwa hiyo tunaanza na John wa mwaka 1677.

Nyuma yake, mwaka 1672, katika kaunti ileile ya Somerset, tunamkuta mjane aitwaye Mary Johnson akiwaandikishia mifugo wajukuu zake watatu: Anthony, Richard na Francis. Mjukuu mmoja amebeba jina la babu, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Waraka huu mfupi unaunganisha vizazi vitatu, na aliyeviunganisha ni bibi. Naomba msomaji amshike Mary mkononi tangu hapa, maana tutamhitaji mpaka mwisho wa safari.

Nyuma kidogo tena, Agosti 1670, upo uamuzi wa jopo la wazee wa mahakama huko Virginia. Anthony alipoihama Virginia alimwachia mwanawe Richard ekari 50, na Richard alikuwa akiishi pale na mkewe na watoto. Jopo liliamua kuwa ardhi ile irudi kwa mfalme, kwa kuwa Anthony alikuwa "mtu mweusi, na kwa hiyo mgeni". Katika sheria ya Kiingereza mgeni hakuweza kurithisha ardhi kama raia. Neno moja lilitosha kuwanyang'anya watoto na wajukuu kile ambacho mahakama zilezile zilikuwa zimekitambua kwa karibu miaka 20.

Kwa mtafutaji wa nasaba, waraka huu unauma lakini una faida. Unatuambia kwamba kufikia kiangazi cha 1670 Anthony alikuwa amekufa. Unatuthibitishia kuwa Richard wa ekari 50 ni mwana wa Anthony yuleyule aliyehamia Maryland. Tena unatuonyesha sheria ikigeuka machoni petu. Mtu aliyekuwa ameishi katika koloni tangu lilipokuwa na wakazi elfu moja na ushei, aliyewahi kushinda kesi dhidi ya mzungu, akafanywa mgeni baada ya kufa.

Haki ya kichwa

Tukirudi tena nyuma tunafika mwaka 1665, familia ilipovuka mpaka kuingia Maryland. Anthony aliuza ekari 200 Virginia, akakodi ekari 300 Somerset, na shamba hilo jipya likaitwa Tonies Vineyard, yaani shamba la mizabibu la Tony. Hapa pana mtego unaowanasa wengi, nao unastahili kuelezwa vizuri.

Tangu mwaka 1618 Virginia iliwapa walowezi ekari 50 kwa kila mtu waliyemlipia nauli ya kuingia kwenye koloni. Ilikuwa haki ya kichwa: kichwa kimoja, ekari 50. Maryland nayo ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo majina ya maelfu ya watu yanapatikana leo chini ya maombi ya ardhi ya watu wengine. Wazao wao wakiyaona hufurahi na kuandika kwamba "babu aliingia mwaka fulani". La hasha. Mwaka ule ni wa ombi la ardhi. Kichwa kiliweza kudaiwa miaka mingi baada ya mtu kuingia, kiliweza kuuzwa kutoka mkono hadi mkono, na mara nyingine kilidaiwa zaidi ya mara moja.

Anthony Johnson alisimama pande zote mbili za haki hii. Mwaka 1651 alipewa ekari 250 katika kaunti ya Northampton, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake, kwa vichwa vitano. Na moja la majina matano yaliyoandikwa ni Richard Johnson, ambalo ndilo jina la mwanawe. Mwaka 1652 mwanawe John alipata ekari 550 kwa vichwa 11, jirani na baba yake. Mwaka 1654 Richard alipata ekari 100 kwa vichwa viwili. Jumla ni ekari 900 mikononi mwa baba na wana wawili. Kisha walipohamia Maryland, mlowezi Randall Revell aliwaingiza Anthony na Mary katika orodha yake mwenyewe ya vichwa, akaombea ardhi kwa majina yao. Mtu aliyekuwa na shamba la ekari 250 akawa kichwa cha ekari 50 katika hesabu ya mwingine.

Kwa hiyo wanaosema Johnson aliagiza watumishi watano kutoka Uingereza mwaka 1651 wanasema zaidi ya karatasi inavyosema. Karatasi inasema alikuwa na vyeti vya vichwa vitano, basi. Linalopatikana kwa uhakika ni mpangilio wa familia: baba kwanza, kisha John, kisha Richard, ardhi zao zikipakana. Mpangilio huo ndio unaotuwezesha kusema kwamba John mnunuzi wa Angola ni wa mlango huu na si wa akina Johnson wengine.

Kesi ya John Casor

Hapa nitakaa, ingawa najua wako watakaopenda nipite haraka.

Mwishoni mwa mwaka 1654 kapteni Samuel Goldsmith alifika nyumbani kwa Anthony Johnson. Mtu mweusi aliyekuwa akifanya kazi pale, John Casor, alimwendea akamlalamikia. Alisema aliingia Virginia kwa mkataba wa miaka saba au minane, na kwamba Johnson amemzuia miaka saba zaidi. Johnson akajibu kwamba hajaona mkataba wowote, na kwamba mtu huyo ni wake kwa maisha yake yote. Majirani wawili wazungu, Robert na George Parker, wakasema wanajua habari za mkataba huo, na Robert akamchukua Casor kwake. Johnson akatishwa kwamba akiendelea kumshikilia, Casor anaweza kudai ng'ombe wake mahakamani kama fidia.

Nyumbani kukawa na kikao. Ushahidi wa Goldsmith unasema mke wa Johnson, wanawe wawili na mkwewe walimshawishi amwachie Casor awe huru, naye akakubali. Baadaye akajuta. Akamshtaki Robert Parker kwa kumshikilia mtumishi wake, na tarehe 8 Machi 1655 mahakama ya Northampton ikaamua Casor arudishwe kwa Johnson, na Parker alipe gharama.

Ukisoma kwa jicho la nasaba, ushahidi ule mfupi una utajiri. Tunajua kwamba kufikia 1654 Johnson ana mkwe, kwa hiyo binti mmoja amekwisha olewa. Tunajua wana ni wawili, na John na Richard wa hati za ardhi wanathibitika. Tunajua mali yake kubwa ni ng'ombe, maana ndiko alikotishiwa. Tena tunajua kwamba Mary ana neno katika nyumba ile, na neno lake siku ile lilikuwa upande wa kumwachia Casor.

Lakini jicho la nasaba halitoshi. Casor ni mtu, na kuna uwezekano ana wazao wake. Alidai mkataba, hakusikilizwa, akarudishwa kwa nguvu ya mahakama kwenye utumishi usio na mwisho, na baadaye alihama pamoja na akina Johnson kwenda Maryland. Mwandishi wa historia ya ukoo anayemtaja Anthony kama shujaa wa ardhi na uhuru, kisha akamficha Casor, anawadanganya wajukuu zake. Na wale wanaomtumia Casor kudai kwamba "mmiliki wa kwanza wa watumwa Amerika alikuwa mweusi" wanawadanganya watu wote. Mwaka 1640, miaka 15 kabla ya hukumu hii, mahakama kuu ya Virginia ilikuwa imemhukumu John Punch, mtu mweusi, amtumikie bwana wake maisha yake yote kwa kosa la kutoroka, huku wazungu wawili waliotoroka naye wakiongezewa miaka minne. Waafrika walikuwa wakishikiliwa Virginia bila mwisho wa utumishi kabla Johnson hajakanyaga mahakamani na kesi yake. Alichofanya ni kuchukua silaha iliyokuwapo na kuitumia kwa mwenzake. Hilo ni baya la kutosha bila kuongezewa uongo.

Moto, kodi, na miaka 30

Waraka ninaouona kuwa na uzito kuliko yote ni wa tarehe 28 Februari 1653. Familia ilikuwa imepatwa na moto uliowatia hasara kubwa, wakaomba msamaha. Mahakama iliwahurumia: Mary na binti zake wawili wakaondolewa kodi maisha yao yote.

Kabla ya kuendelea, jambo la kalenda. Daftari lenyewe linasema Februari 1652. Waingereza mpaka mwaka 1752 walianza mwaka wao tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilihesabiwa ndani ya mwaka uliotangulia. Tarehe ya hukumu ya Casor ina shida hiyohiyo. Anayenakili tarehe za makoloni bila kujua hili atasogeza watu mwaka mzima, na anaweza kumzalisha mtoto kabla ya ndoa ya wazazi wake. Nimekuwa mkali katika jambo hili kwa sababu kosa lenyewe ni dogo na madhara yake yanakaa vizazi.

Sasa kodi. Virginia ilitoza kodi kwa kila mtu aliyehesabiwa kuwa mfanyakazi wa shambani. Mwaka 1643 sheria iliwaingiza wanawake weusi katika hesabu hiyo, na wake wa walowezi wazungu wakaachwa nje. Maana yake nyumba ya Johnson ililipa kwa wanawake watatu ambao jirani mzungu asingewalipia. Kuwaondolea kodi kulikuwa na thamani ya fedha kila mwaka, na zaidi ya fedha, kuliwaweka Mary na binti zake mahali pamoja na wanawake wa Kiingereza. Hiyo ilikuwa mwaka 1653. Miaka 17 baadaye mumewe ataitwa mgeni.

Na sababu ambazo mahakama ilizitaja? Bidii yao ya kazi na utumishi wao unaojulikana, na kwamba wamekuwa wakazi wa Virginia kwa zaidi ya miaka 30. Hapo ndipo daraja lilipo. Toa 30 kwenye 1653, unafika 1623 au kabla yake. Ni lazima tumtafute Anthony huyu, na Mary huyu, miongoni mwa Waafrika wachache mno waliokuwa Virginia kufikia mwaka huo.

Kati ya hapo na hapo kuna maneno mazuri ambayo wengi huyapenda. Mwaka 1645 karani wa Northampton alishuhudia kwamba mtu aliyeitwa Anthony mweusi aligawana shamba la mahindi na kapteni Philip Taylor, akasema anafurahi kwa kuwa sasa anakijua kilicho chake, na atafanya kazi atakapo na kucheza atakapo. Wanahistoria wengi wamemnasibisha msemaji na Anthony Johnson. Inafaa, na moyo unataka iwe hivyo. Lakini jina Anthony, au Antonio, walikuwa nalo Waafrika wengi waliopitia mikononi mwa Wareno, kwa kuwa mateka wa Luanda, bandari ya Wareno katika pwani ya Angola, walibatizwa kwa makundi kabla ya kupandishwa melini. Karani hakuandika Johnson. Katika kitabu cha ukoo ningeyaandika maneno haya kwa penseli.

Antonio, meli ya James, 1621

Mwanzoni mwa mwaka 1625 serikali ya Virginia ilifanya hesabu ya wakazi wote nyumba kwa nyumba, pamoja na mahindi yao, bunduki zao na nyumba zao. Koloni zima lilikuwa na watu kama 1,200, na Waafrika waliohesabiwa ni 23. Wengi wao hawana hata jina kamili, hawana mwaka wa kufika, hawana meli. Kwenye shamba la mfanyabiashara wa London Edward Bennett, mahali palipoitwa Warrosquyoake, kusini mwa mto James, kuna maingizo mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni Antonio, mtu mweusi, aliyekuja na meli ya James mwaka 1621. La pili ni Mary, mwanamke mweusi, aliyekuja na meli ya Margaret and John mwaka 1622.

Tarehe 22 Machi 1622 watu wa Opechancanough, kiongozi wa Wapowhatan, wenyeji wa nchi ile, walivishambulia vijiji vya walowezi kando ya mto James kwa siku moja. Orodha iliyochapishwa na kampuni ya Virginia ilihesabu Waingereza 347 waliouawa. Shamba la Bennett liliumia vibaya kuliko mengi: walikufa pale zaidi ya watu 50. Antonio ni mmoja wa watu wachache sana wa shamba lile waliofika kabla ya siku hiyo na kuonekana tena katika hesabu. Mary aliingia mwaka huohuo, kwenye shamba lililokuwa karibu makaburi.

Je, Antonio wa 1625 ndiye Anthony Johnson wa 1651? Hili ndilo fundo la kisa kizima, na hapa ndipo mti wa ukoo ungeweza kuvunjika. Tuna pengo la zaidi ya miaka 20. Jina la ukoo halikuwapo mwanzoni, limetokea baadaye. Jina la kwanza limebadilika kutoka umbo la Kireno kuwa la Kiingereza. Na nimekwisha kusema kwamba akina Antonio walikuwa wengi.

Jibu linatoka kwa Mary. Ukimtafuta Antonio peke yake, unaweza kumpata yeyote. Ukiwatafuta wawili pamoja, mwanamume Antonio na mwanamke Mary, Waafrika wote wawili, wakazi wa Virginia tangu kabla ya 1623, wanaokaa mahali pamoja, mlango unakuwa mwembamba. Hesabu ya 1625 inatupa jozi hiyo kwenye shamba moja. Mahakama ya 1653 inatupa jozi ya mume na mke, wote wakiwa na zaidi ya miaka 30 katika koloni. Waraka wa 1653 haukumsifu Anthony peke yake. Ulihusu kodi ya Mary na binti zake, na kwa sababu hiyo ndiyo maana miaka yao iliandikwa. Bila ombi lile la kumwondolea mwanamke kodi, tungekuwa na Antonio wa upande huu na Johnson wa upande ule, na maji katikati.

Wanaosimulia kisa hiki humweka babu mbele, na nakiri kwamba hata mimi nilianza hivyo. Nimeirudia minyororo ya karatasi mara kadhaa, na kila penye kiungo nimemkuta bibi: kwenye meli ya 1622, kwenye kodi ya 1653, kwenye kikao cha kumwachia Casor, kwenye mifugo ya wajukuu mwaka 1672.

Ng'ambo ya meli

Meli ya James ilikuwa ya Kiingereza, na meli haielezi kuzaliwa kwa mtu. Lakini miaka ile ina historia yake. Kati ya 1618 na 1621 gavana wa Kireno wa Luanda, Luís Mendes de Vasconcelos, akishirikiana na majeshi ya Waimbangala, wapiganaji wa Kiafrika, aliupiga ufalme wa Ndongo na mji wake mkuu Kabasa. Maelfu walitekwa na kuvushwa bahari. Ni katika wimbi hilo, Agosti 1619, meli iitwayo White Lion iliwashusha Point Comfort, Virginia, Waafrika "ishirini na ushei" iliowapora kutoka meli ya Kireno São João Bautista, iliyokuwa imetoka Luanda kuelekea Veracruz. Antonio alifuata miaka miwili baadaye.

Mtawala wa Ndongo aliitwa kwa cheo cha ngola, na kutoka cheo hicho Wareno wakapata jina la nchi. Watu wake walisema Kimbundu, ndugu wa Kiswahili katika lugha za Kibantu. Kwao mtu ni mutu, tatu ni tatu, na ng'ombe ni ngombe. Ninapousoma waraka wa 1672, karani akiandika kwa Kiingereza mifugo ya bibi na majina ya wajukuu, najua kwamba kama Mary alitoka Ndongo, mnyama yule alikuwa na jina moja kinywani mwake na kinywani mwangu. Hiyo "kama" siiondoi. Mahali alipozaliwa hapakuandikwa.

Ndiyo maana jina la shamba lina uzito. Mwaka 1621 hakuna karani aliyeandika Angola mbele ya jina la Antonio, wala mbele ya jina la Mary mwaka uliofuata. Miaka 56 baada ya meli ya James, mjukuu aliyezaliwa Amerika ndiye aliyeliandikisha. Desturi ya kusema kwamba alilisikia kwa babu yake ni nyepesi kuliko ushahidi. Bibi aliishi zaidi ya babu. Mwaka 1672 bado alikuwa Somerset, akiwashughulikia wajukuu. Jina Angola linaweza kuwa la babu, linaweza kuwa la bibi, au la nyumba nzima iliyokuwa ikilitaja jioni. Katika jedwali la ukoo ningeliweka chini ya wote wawili.

Baada ya Angola

Baadhi ya ukoo ulisogea kaskazini, kwenye kaunti ya Sussex, Delaware. Huko, mwanzoni mwa karne ya 18, mahakama ilimtaja John Johnson, mtu mweusi huru, mwenye umri wa miaka 80, maskini, asiyeweza tena kufanya kazi, ikaagiza atunzwe kwa gharama ya kaunti. Wachunguzi wa nasaba wanamchukua kuwa John mwana wa Anthony na Mary, yule aliyepewa ekari 550 mwaka 1652. Umri unakubaliana vya kutosha. Makarani walikadiria umri wa wazee kwa makumi, kwa hiyo nisingeusimamishia tarehe ya kuzaliwa, lakini mtu aliyepata ardhi kwa jina lake mwaka 1652 hawezi kuwa chini ya miaka 70 wakati huo.

Ukiitazama ramani ya Sussex leo, kuna rasi kati ya maji ya Rehoboth Bay na Herring Creek iitwayo Angola Neck. Wengi wameiunganisha moja kwa moja na akina Johnson, na nimeona miti ya ukoo inayolionyesha jina hilo kama ushahidi. Mimi nimeliacha nje ya mti. Majina ya mashamba yalihama na watu, lakini yalihama pia na wauzaji wa ardhi na wafanyabiashara wa watumwa waliokuwa na sababu zao za kuitaja Angola. Ili rasi ile iingie, nahitaji hati ya ardhi ya Sussex yenye jina la Johnson na jina la Angola katika ukurasa mmoja, kama ile ya ekari 44 ya Somerset.